Maswali Kumi na Tisa Kabla ya Kuvua Nguo

Kosa langu la kwanza lilikuwa barua. Miezi miwili kabla ya kuondoka niliwaandikia marabi watatu walioko Dubai maswali kumi na tisa, yote kuhusu jambo moja: nikivua nguo, nani ataniona, akiwa umbali gani, na kwa muda gani. Je, taa zitawaka? Je, maji ni meupe kabisa au yana rangi kidogo? Je, naweza kuingia na taulo na kulirusha nje nikishafika shingoni? Nilidhani naandika kama mtu makini. Sikujua kwamba upande wa pili wameisoma kama barua ya mtu mwenye kitu cha kuficha.

Mmekuwa mkiniuliza tangu nirudi, hasa nyinyi mlionisindikiza hadi barabarani na ambao hamsali nasi, kwa hiyo acha nieleze machache kwanza. Sisi kule mlimani ni familia chache za Wayahudi. Tumejifunza wenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa simu. Kuna sala ambazo hazisaliwi mpaka wawepo wanaume kumi. Miaka ya nyuma walikuja wageni kuwathibitisha watu wetu, wakawazamisha wanaume tisa majini mbele ya mashahidi watatu. Siku hiyo mimi nilikuwa Nakuru nikifunga nyaya za umeme kwenye jengo la ghorofa. Nikabaki nje ya hesabu. Mimi ndiye niliyewafundisha kusoma, mimi ndiye waliyeniita Mwalimu, na mimi ndiye niliyekuwa sihesabiwi. Kila Jumamosi tukifika kwenye zile sala tulifunga vitabu, tukaziruka.

Kuzama kwenyewe ni hivi. Kuna kidimbwi, mikve, cha maji ya mvua au ya chemchemi. Unaingia mwili mzima, na hakuna kitu kinachoruhusiwa kukaa kati ya ngozi na maji: si nguo, si pete, si plasta, si uchafu wa kucha. Wanaume wengi huzama Ijumaa kabla ya Sabato, na hapo hakuna anayehitaji kuwaona. Lakini anayethibitishwa lazima aonwe na watatu. Dada yangu Rebeka na mumewe Yona wanafanya kazi Dubai, na marabi wa kunizamisha walikuwa huko. Nikaenda. Nilitaka kuwa wa kumi.

Kutoka mlimani hadi uwanja wa ndege

Nilishuka kwa pikapu ya viazi ya mjomba wangu. Mama alinifungia mayai kumi na mawili ya kuchemsha, nduma na viazi vitamu, kwa sababu sikujua njiani nitapata wapi chakula ninachoweza kula. Karibu na Naivasha gurudumu moja lilipasuka. Tulishusha magunia thelathini na mawili ili tuweze kuinua gari, na mimi nikawa naosha mikono kila baada ya gunia kwa maji ya kunywa.

"Unaenda kuoga au unaenda kuolewa?" mjomba akauliza.

Niliona amegusa ukweli fulani. Acha niseme wazi: mimi sijawahi kuoga mbele ya mtu tangu nipate akili. Shule ya bweni niliamka kabla ya kengele, nikaoga maji ya barafu gizani, nikarudi kitandani nikijifanya nimelala. Kwenye bwawa letu la mlimani, kila Ijumaa, niliwapanga wanaume wetu mstari, nikawakagua kucha na nywele, nikahakikisha kila mmoja amezama sawasawa. Halafu wakishaondoka wote, ndipo nikaingia mwenyewe. Nilijiambia kwamba mwalimu ndiye huwa wa mwisho.

Addis Ababa, saa tisa kwenye kiti

Tulishuka Addis kubadilisha ndege, na mvua kubwa ikaizuia ile ya pili. Saa tisa nzima za kungoja. Pembeni yangu alikaa mwanamke mnene mchangamfu aliyejitambulisha kama Mama Shiro. Huenda soko la Naif, Dubai, mara tatu kwa mwaka kununua viatu vya watoto na kuvileta Nairobi. Aliitazama kofia yangu ndogo ya kisogoni.

"Ustadh, hiyo kofia imekubana. Hawana saizi yako?"

"Mimi si ustadh, mama. Mimi ni Myahudi."

"Myahudi wa wapi?"

"Wa Nyahururu."

Alinitazama kutoka kofia hadi viatu. "Sawa. Hata Nyahururu kuna baridi, watu lazima waamini kitu." Kisha akanusa. "Na huo ni nduma?"

Tulikula pamoja. Mayai yalikuwa yameanza kutoa harufu, na kijana mmoja wa Kihabeshi akahama kiti. Mama Shiro aliniuliza naenda kufanya nini Dubai, nami kwa uchovu nikamwambia kweli: naenda kuzama majini nikiwa uchi mbele ya wazee watatu. Aliacha kutafuna.

"Kijana, nani amekuambia hiyo ni kazi?"

"Si kazi, mama. Ni dini."

"Watoto wa ndugu yangu walipelekwa huko kwa kuambiwa ni kazi ya hoteli. Wewe umeambiwa ni dini." Alichukua simu yangu kwa nguvu akaandika namba yake. "Wakikufungia mlango, unapiga. Sijali ni saa ngapi."

Nilimweleza mara tatu na kila nilipoeleza nilizidi kusikika kama mtu aliyetapeliwa. Mwisho nami nikaanza kujiuliza. Hofu hiyo haikuwa na mahali pa kwenda, ikaenda kwenye kucha. Nilikuwa nimezikata nyumbani, nikazikata tena Nairobi, na hapo Addis nikazitazama kwenye mwanga wa taa nikaona chini ya moja kuna kivuli. Nilikata. Nikakata tena. Nilipoacha, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vinatoka damu, na Mama Shiro akanifunga plasta mbili za rangi ya udongo akisema, "Pole, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayemuaga mgonjwa.

Al Nahda, chumba cha mbao

Yona alinipokea asubuhi akiwa bado na sare ya jikoni ya hoteli anayofanya kazi kule Al Mankhool. Ni mtu wa mzaha. Hata siku ya harusi yake aliwachekesha wazee hadi mmoja akapaliwa na chai.

"Shemeji! Karibu Dubai, ambako hata kivuli kinatoka jasho!"

Alinyoosha mkono, akaona plasta, akaurudisha na kunigonga begani badala yake. Njiani alikuwa mkimya kuliko nilivyomzoea. Tulipofika kwenye jengo, ndani ya lifti, alinipa mfuko mdogo wa duka la dawa bila kunitazama.

"Hii ni kwa ajili yako. Tumia ukiwa peke yako. Hakuna wa kukuuliza."

Ndani kulikuwa na tyubu ya dawa ya ngozi. Nilidhani ni mambo ya joto la Dubai. Nikashukuru.

Wanaishi mtaa wa Al Nahda, kwenye chumba kilichotengwa kwa mbao ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Upande mmoja kuna Wafilipino wawili, upande wa pili familia ya Kinepali. Rebeka alikuwa ameomba ruhusa kwa madam wake, ambaye anamlelea watoto, akapika supu ya mifupa ya kuku nzito kama uji. Alinikumbatia, akarudi nyuma, akanikagua shingoni.

"Umekonda. Unalala?"

"Nalala."

"Huwashwi?"

"Kitu gani kiniwashe?"

Alimtazama mumewe, mumewe akatazama sufuria. Nilikula supu. Niliona kikombe changu kimewekwa pembeni ya vingine, juu ya karatasi, na usiku wakanipa kitanda wao wakalala chini. Nilipinga, Yona akasema, "Wewe unahitaji hewa." Kila kitu walichofanya kilikuwa cha upendo na hakuna nilichokielewa.

Alhamisi nilikaa na marabi wakaniuliza mambo ya dini. Nilijibu vizuri, hilo si la kusimulia. Nilipokuwa natoka, mzee kati yao, mwenye ndevu nyeupe na viatu vya mazoezi, alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema kwa Kiingereza cha pole kwamba kesho nisiogope, wamejiandaa kwa lolote. Hayo maneno, "kwa lolote", yalinikosesha usingizi.

Lango lisilo na kibao

Nyumba yenyewe ni ya ukuta mrefu kama majirani zake wote. Hakuna kibao wala alama. Dereva wa teksi alitupitisha mara mbili, na kila tukiuliza njia Yona alisema tunatafuta "ile nyumba yenye bogenvilia", ilhali mtaa mzima una maua hayo. Langoni alikaa mlinzi, Mganda mrefu aliyeitwa Swaibu. Alimjua Yona.

Yona alisimama pale pale.

"Mimi naishia hapa."

"Si ulisema utakuwa nami?"

"Nilisema nitakuleta. Yalla, shemeji, ingia, watu wanakungoja."

"Yona, siwezi kuingia peke yangu. Wewe ulishapita hapa. Ingia tu, usimame karibu."

Aliangalia chini, akasogea hatua mbili nyuma, kama vile nimemtajia jambo la aibu. "Usinifanyie hivyo," akasema. Sikuwa nimemwona Yona bila mzaha hata siku moja.

Nikaingia peke yangu. Chumba cha kuvulia nguo kilikuwa na joto na harufu ya klorini na sabuni. Ijumaa asubuhi wanaume wengine huja kuzama kwa ajili ya Sabato, na walikuwa sita hivi, wengine na taulo kiunoni, wengine hawana, mmoja anajikausha katikati ya vidole vya miguu. Sasa, mimi nimelelewa nyumba ambayo ukiingia mahali penye watu na usisalimu, utaulizwa kama umelala na fisi. Nikatoa sauti yote: "Shalom aleikhem!" Nikanyoosha mkono kwa aliye karibu, nikiwa na nia ya kuzunguka chumba kizima, mmoja mmoja, kama tunavyofanya msibani.

Hakuna aliyejibu. Wa kwanza alivuta taulo juu akageukia ukuta. Wa pili akainama kutafuta soksi isiyokuwepo. Nikarudia salamu, nikidhani lafudhi yangu imewapotea. Mzee mmoja mfupi akaweka kidole mdomoni na kutikisa kichwa kwa nguvu. Mkono wangu ulibaki hewani na plasta zake mbili.

Hapo mambo yote yakajipanga kichwani: dawa ya ngozi, kikombe cha pembeni, supu, "huwashwi?", Yona kurudi nyuma hatua mbili. Wananiona mgonjwa. Wote wanajua kwamba nina ugonjwa, isipokuwa mimi. Au si ugonjwa, ni rangi yangu, na ugonjwa ni jina lake la heshima. Sikujua lipi ni bora. Nilishika viatu mkononi nikatoka.

Yona hakuwepo, alikuwa amekwenda kununua maji. Swaibu alinikuta nimekaa kwenye ukingo wa bustani.

"Ssebo, mbona umetoka na viatu mkononi? Umemaliza?"

"Hata sijaanza. Hawataki salamu yangu."

"Umewasalimia? Wakiwa uchi?"

"Ndiyo."

"Ulisema lile neno lao? Shalom?"

"Mara mbili. Na mkono nikawapa."

Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaona uso wangu, akajikaza. "Pole, ndugu. Nisikilize. Mimi ni Mwislamu. Mtu akiwa chooni, unamtolea salaam?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ina jina... ina heshima yake."

"Sasa hawa nao ni hivyo hivyo. Shalom wanasema ni jina la Mungu. Mahali nguo zimetoka hawalitaji. Mwaka wa tatu nakaa langoni hapa, nimewasikia wakiwafundisha wageni. Wewe umelipiga kelele mara mbili na kuwaomba mkono!"

"Na mbona waligeuka?"

"Ulitaka wakuangalie? Pale ndani heshima ni kutomwona mwenzako. Kuna sir mmoja, nje ya lango ananiuliza watoto, mama, ng'ombe wa kule Iganga. Akishaingia na taulo, ananipita kama mimi ni nguzo. Mwezi mzima nilikasirika. Sasa hata mimi, mtu akipita na taulo, simwoni. Wewe sasa hivi nakuona kwa sababu una suruali."

Nilikuwa na mambo mengine kumi ya kuuliza, lakini yeye alishaangalia saa. "Wale wazee watatu wamepita mlango wa nyuma. Rudi ndani. Safari hii funga mdomo."

Aibu niliyoingia nayo ilikuwa mpya, na nzito kuliko ya kwanza. Mwalimu mzima wa watu, aliyejaza daftari nne za sheria za maji, amefundishwa na mlinzi kanuni ya mlangoni. Haikuwemo kwenye kurasa zangu. Nilisoma habari za maji, sikusoma habari za watu wanaoingia humo.

Majini

Watatu walinipokea kwenye chumba kidogo cha pembeni, wamevaa, nami nikiwa na joho la taulo. Mzee wa viatu vya mazoezi alikuwa katikati. Wa kushoto alikuwa na mkoba.

"Kabla hatujaanza," mzee akasema, "tuonyeshe kidonda. Usione haya. Huyu mwenzetu ni daktari wa ngozi, ataamua kama ni kizuizi au hapana."

"Kidonda gani?"

Wakatazamana. Daktari akaniuliza polepole, kama anaongea na mtu mwenye sikio bovu, "Kile ulichokiandikia barua."

"Sikuandika kidonda."

"Uliandika kuhusu taa," mzee akasema. "Na umbali. Na rangi ya maji. Maswali kumi na tisa. Tulimuuliza shemeji yako kama unaumwa, akasema hajui, na kwamba yeye si mtu wa kukuuliza habari za mwili wako."

Nilinyoosha vidole viwili. Daktari alibandua plasta, akaangalia kucha zangu zilizokatwa hadi nyamani, akazigeuza kwenye mwanga.

"Basi?"

"Basi."

"Na barua?"

Nilikaza mshipi wa joho. Kisha nikasema, "Naona haya tu. Sijawahi kuonwa."

Daktari alifunga mkoba. "Hiyo siitibu," akasema, na wa tatu, ambaye alikuwa hajasema neno, akaangua kicheko na kuomba radhi.

Mzee hakucheka. Alinieleza kila kitu kama anavyoeleza mtu njia ya kwenda stesheni. Watageukia ukuta. Nitashuka ngazi. Maji yakifika shingoni nitasema niko tayari. Hapo tu watageuka, na wataangalia maji, si mimi. Wanachotafuta ni kama kuna kitu kimebaki juu. Nikitoka watageukia ukuta tena. Nikauliza kama wana uhakika kwamba hawatageuka mapema. Akasema, "Hilo ni swali la ishirini."

Walisimama kama watu watatu wanaosoma tangazo kwenye ukuta usio na tangazo. Niliacha joho kwenye msumari. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, meupe kabisa, taa zote zinawaka. Kila nilichokiogopa kwenye barua kilikuwa kweli.

"Tayari."

Nilizama. Nilipotoka mzee alikuwa ameinama ukingoni, akiniangalia utosini jinsi mama anavyoangalia sufuria ya maziwa isifurike.

"Mkono. Umeshika chuma cha ngazi. Achia."

Sijui kuogelea, nilikuwa sijui pia kama nimeshika. Mara ya pili niliachia, lakini niliogopa maji puani, nikabaki na utosi nje.

"Kichwa. Kidogo tu. Kama nyumbani."

Nyumbani hakuna aliyewahi kuniangalia. Hilo lilinijia nikiwa na maji masikioni. Miaka yote ile nilikuwa naingia bwawani peke yangu, nikishika jiwe la ukingoni, na inawezekana sikuwahi kuzama sawasawa hata Ijumaa moja.

Mara ya tatu nilijiachia chini kama gunia. Nilisikia ukimya, kisha sauti tatu kwa pamoja: "Kosher!", yaani imekubalika. Mzee akaniambia nikunje mikono chini ya kifua ndani ya maji, ili moyo utengane na uchi wakati wa kusema baraka, nami nikasema baraka hiyo. Nikazama tena. "Kosher!"

Ilikuwa imekwisha. Mimi nikabaki pale.

"Naomba mara moja zaidi," nikasema. "Nadhani kisigino..."

"Kisigino kilikuwa ndani."

"Sikuhisi vizuri. Mara moja tu, niwe na hakika."

"Kijana," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nishuke majini aliniangalia usoni. "Mtu akiwa chini ya maji hawezi kujiona. Ndiyo maana tuko watatu. Tumekuona. Khalas. Toka uvae."

Wakageukia ukuta.

Nilipotoka barazani nikiwa nimevaa hadi vifungo vya shingo, wale wanaume sita walikuwa wamesimama kwenye kivuli na vikombe vya kahawa. Mzee mfupi wa kidole mdomoni alikuja wa kwanza. "Shalom aleikhem," akasema, akanipa mkono. Kisha wa taulo. Kisha wa soksi. Chumba kizima, mmoja mmoja.

Metro, na safari ya kurudi

Tulirudi na Yona kwa metro. Nilimweleza habari ya kidonda, akacheka mpaka mama mmoja wa Kihindi akamhamisha mtoto wake.

"Rebeka amechemsha vijiko siku tatu!" akasema. "Siku tatu, shemeji!"

"Sasa kama hukuogopa ugonjwa, mbona ulikataa kuingia?"

Aliacha kucheka. "Unaniuliza kweli?"

"Kweli."

"Mimi ni mume wa dada yako. Baba, mkwe, mume wa dada: hawa hamuogi pamoja. Ni sheria. Walinifundisha hapa mwaka wa kwanza. Nilidhani unaijua, wewe ndiye Mwalimu. Uliponing'ang'ania langoni nilidhani unanijaribu mbele ya Swaibu."

"Haikuwa kwenye kurasa zangu."

"Hata bila kurasa! Kwetu nani anavua nguo mbele ya mkwe wake?"

Sikusikia vituo vitatu vilivyofuata. Nilikuwa nimekumbuka mstari wangu wa bwawani. Mzee Elia ni mmoja wa wale tisa, na Kaleb aliyemwoa binti yake ni mwingine. Kwa kuwa nilipanga watu kwa zamu waliyothibitishwa, walifuatana. Mara ya kwanza Mzee Elia alisema atasubiri nyumbani. Nikamwambia hakuna cha kusubiri, sheria ni sheria, vua. Alivua. Kaleb naye alivua, akasimama nyuma yake, wote wawili wakitazama majani. Ijumaa tatu baadaye Mzee Elia akaacha kuja bwawani, kisha akaacha kuja hata sala. Alisema ni miguu, nami nikaendelea kumhesabu kati ya wale tisa. Nami Sabato moja nilisema mbele ya watu wote, bila kumtaja jina, kwamba kuna wazee wanaozeeka imani kabla ya miguu.

Wakati wa kurudi ndege haikuchelewa, chakula nilikuwa nacho, na sikumbuki kitu chochote cha safari hiyo.

Sabato ya kwanza nyumbani walinipokea kwa nyimbo. Tulipofika kwenye zile sala tulihesabiana. Nane, na mimi tisa. Kila mtu alinitazama kwa furaha na hakuna aliyesema kinachokosekana. Nilikuwa nimevuka bahari ili niwe wa kumi, na wa kumi nilikuwa nimemfukuza mwenyewe.

Jumapili nilikwenda kwa Mzee Elia. Alikuwa anamkamua ng'ombe wake, hakusimama.

"Umerudi, Mwalimu."

"Nimerudi, mzee. Miguu yaendeleaje?"

"Miguu ni miguu."

"Si miguu, mzee. Ni mimi. Nilikuvua nguo mbele ya mkwe wako."

Aliendelea kukamua. Maziwa yalipiga ndoo muda mrefu.

"Tangu siku ile sijala kwa binti yangu," akasema. "Nitakaaje mezani na kijana yule? Ananipa chumvi hanitazami. Mimi nilijua si vizuri. Babu zangu hawakuwa na kitabu na wasingefanya hivyo. Lakini nilisema, Mwalimu amesoma."

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Ungenijibu nini?"

Ningemjibu kwa daftari, nilijua, naye alijua. Nikamwambia sheria yenyewe ilikuwa upande wake siku zote, na kwamba niliambiwa hivyo na watu wanaoijua. Nilimwomba msamaha mara moja, ingawa nilitaka kuomba mara nne. Alinyanyuka na ndoo, akanipa niibebe hadi mlangoni. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kaleb umemwambia?"

"Bado."

"Anza na yeye."

Nilikwenda kwa Kaleb jioni ile ile.

Kilichobadilika tangu hapo ni hiki. Simpangi mtu mstari. Kaleb huzama Ijumaa asubuhi, Mzee Elia huenda saa tisa alasiri, na wasiopaswa kuonana hawaonani. Mimi huenda na mwenzangu mmoja anayegeukia vichaka, nikisema niko tayari anageuka kuangalia kama utosi umezama, nami nazama mara moja. Bado natoka na shaka. Mzee Elia alirudi kwenye sala Sabato ya pili, akakaa karibu na mlango, na tangu siku hiyo tunasali sala zote, kwa sababu tuko kumi.